Kusimama Barabarani na Jogoo

Nina miaka hamsini na mbili. Nimezaa, nimeozesha, nina wajukuu wawili. Na Jumanne ile, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya vumbi hapa Soga, jogoo kwapani na kisu mkononi, nikisubiri mwanamume yeyote Muislamu apite anichinjie. Kisu nilikuwa nimekizungushia pindo la kanga ili watu wasishtuke. Jogoo alikuwa ametulia kuliko mimi. Kila pikipiki iliyotokea nilinyoosha shingo nikamtazama dereva usoni, nikijaribu kukisia dini yake kwa sura, kazi ambayo haifanyiki.

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu. Mume wangu husema hivyo, na mama yangu alishasema hivyo kabla yake. Kwa hiyo nilipofika pale barabarani sikuwa nimekasirika kidogo. Nilikuwa nimekasirika tangu saa moja ya asubuhi ile, na kama nikihesabu vizuri, tangu nilipokuwa na miaka minane.

Mimi nafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Banda lenyewe ni la mabanzi na wavu, limeegemea ukuta wa jiko, na mvua ya upepo ikija ndani kunaloa kuliko nje. Watu wanaokutana na kuku mezani, amekaangwa, ana kachumbari pembeni, hawajui alikotoka. Kifaranga wa kisasa anafika mikononi mwako akiwa na umri wa siku moja na nia moja tu, kufa. Akipata baridi anakufa. Akizidishiwa joto anakufa. Paka akipita juu ya bati, wote wanarundikana kwenye kona moja, wanakanyagana, wa chini wanakufa. Umeme ukikatika unawasha jiko la mkaa nje, unangoja moshi uishe, unaliingiza bandani na kulifunika kwa chungu kilichotobolewa, kisha unaanza kuwabembeleza kama watoto wa kuzaa. Maranda yakilowa unayatoa yote na kuweka mengine. Chanjo ya mdondo, chanjo ya gumboro, vitamini kwenye maji. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki tatu yuko njia ya Tunduma, wiki moja yuko nyumbani amelala. Kwa hiyo yote hayo ni mimi.

Na wakishakua ni mimi pia. Nachemsha maji kwenye sufuria kubwa ya shughuli. Najua maji yamefika kwa kutumbukiza mguu wa kuku: ngozi ya njano ya mguu ikivuka kama soksi, maji ni sawa, yakizidi hapo, ngozi ya kifua inachanika na mteja anakurudishia. Nanyonyoa, nababua vinyweleo kwenye moto, napasua, natoa utumbo bila kupasua nyongo, naosha firigisi na kuimenya. Kuku ishirini namaliza kabla jua halijawa kali, tukiwa wawili, mimi na jirani yangu mmoja ambaye namlipa kwa vichwa na miguu na mwenyewe ndivyo anavyotaka.

Kinachobaki ni jambo moja lisilozidi nusu dakika kwa kuku mmoja. Hilo sifanyi. Kuchinja.

Kwetu mwanamke hachinji. Hakuna aliyenikataza kwa mdomo, hakuna aliyehitaji. Nilikulia Msimbu, Kisarawe, na huko nilijua kwamba mwanamke hachinji kama nilivyojua kwamba moto unaunguza. Mwanamke anafuga, analisha, anakamata, anafunga miguu, ananoa kisu. Kisha anasimama na hivyo vyote kungoja mwanamume. Mwanamume anakuja, anasema bismillahi, anapitisha kisu, anakurudishia kisu chenye damu ukioshe, anaondoka. Hapa Soga mwanamume wangu wa kuchinja ni fundi cherehani wa pale kona, mzee mwenye ndevu nyeupe na mkono usiotetemeka. Akiumwa fundi, biashara yangu inaumwa. Akisafiri, kuku wangu wanaendelea kula chakula nisichokuwa nacho.

Mwaka jana, baada ya darasa la akina mama, nilimuuliza ustadhi. Nilimuuliza mbele ya wenzangu wote, maana nilijua nikimuuliza pembeni atanijibu kipembeni.

"Ustadhi, mwanamke akichinja, nyama inaliwa?"

"Inaliwa," akasema, bila hata kufikiri. "Muislamu mwenye akili timamu, kisu kikali, jina la Mwenyezi Mungu. Mwanamke au mwanamume, ni halali."

"Sasa mbona hatuchinji?"

Akakuna ndevu. "Watu hawajazoea tu, mama."

Hawajazoea! Nilirudi nyumbani na neno hilo likanikaa kooni mwezi mzima. Lakini niseme na la upande wangu. Asubuhi iliyofuata nilikuwa na kuku kumi na tano wa kuchinja, na kisu kikali, na jibu la ustadhi, nikachukua simu nikampigia fundi. Nilikuwa sijazoea.

Sasa mama. Mama alikuja kukaa kwangu mwezi wa tatu, baada ya kulazwa kwa homa ya mapafu. Alikuja kutoka Msimbu kwenye gari la kukodi, na kwenye magoti yake amempakata jogoo wa kienyeji mwekundu, miguu imefungwa kwa kitambaa cha kanga, kama vile huku Soga hakuna kuku. Nilimwonyesha banda langu. Akachungulia, akawatazama kuku mia wameketi kwenye maranda wakihema, akanigeukia.

"Hawa ndio unaosema kuku?"

"Ndiyo, mama."

"Kuku hajui kuparua? Kuku unamfuata unamwokota kama nazi? Huyo si kuku, mwanangu. Huyo ni ugonjwa umeota manyoya."

Nilicheka siku hiyo. Nilikuwa bado naweza kucheka, kwa sababu nilidhani atakaa wiki mbili, atanenepa, atarudi kwake. Daktari alikuwa amesema dawa zimefanya kazi yake na kilichobaki ni chakula. Mama hakula. Asubuhi vijiko vitatu vya uji, mchana anaonja wali kwa ncha ya ulimi, jioni chai. Nikimwambia, kula kidogo mama, anasema nimeshiba. Umeshiba nini? Nimeshiba tu. Nilimpikia mchicha wa nazi, samaki wa kukaanga, ndizi, maandazi ya iliki aliyokuwa akiyapenda. Nilimpikia na kuku wangu, akauliza swali lake la siku zote, swali ambalo nimelisikia tangu nina akili kila nyama ya kuku inapotengwa mbele yake: "Nani kachinja?" Nikamwambia fundi. Akasema alhamdulillahi, kisha akanywa mchuzi vijiko viwili na kunirudishia nyama.

Nikimshika mkono wake, vidole vyangu vilikutana na kupitana. Niliogopa. Niliogopa kwamba mama yangu anakufa mbele yangu kwa kukosa hamu, hatua kumi kutoka kwenye banda lenye kuku mia moja. Na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Nilikuwa namgombeza mama yangu mgonjwa kama mtoto anayekataa dawa, halafu naenda jikoni najilaumu.

Jumanne ile asubuhi niliingia na bakuli la uji. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunga mtandio vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, leo nimetamani supu. Supu ya yule jogoo wangu."

Nilitamani kupiga vigelegele. Wiki ya saba, na hatimaye ametamani kitu! Nikatoka mbio uani. Bahati nzuri, nikasema moyoni, leo ndiyo siku ya fundi. Kuku ishirini wa mgahawa wa karibu na stesheni nilikwishawatenga tangu jana kwenye matenga, tumbo tupu, na fundi alishaahidi kwamba akitoka msikitini alfajiri anakuja moja kwa moja. Maji yalikuwa jikoni. Jirani yangu alikuwa amekwishakaa kwenye kigoda chake. Fundi tu.

Saa moja hakuja. Saa mbili hakuja. Nikapiga simu, haipatikani, kwa sababu fundi akiingia msikitini huizima simu na hukumbuka kuiwasha siku ya pili. Nikaenda mpaka kona. Cherehani imefunikwa. Mwenye duka la jirani, mwanamke kama mimi, akaniambia kuna msiba upande wa Mlandizi, umetangazwa msikitini baada ya sala, na wanaume wote wamepanda Fuso wamekwenda kuzika.

"Wote?"

"Waliobaki ni wale wasioweza kupanda Fuso."

Nilirudi nyumbani nikipiga teke kila jiwe. Sikuwa na ugomvi na maiti, Mungu amrehemu. Lakini mtaa mzima usiwe na mkono mmoja wa kushika kisu! Nilimkuta mama mlangoni, ameshika fremu, macho kwenye jogoo wake. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, kisha akasema maneno ambayo nilidhani nimeyaacha Msimbu miaka arobaini na zaidi iliyopita.

"Basi kasimame barabarani."

Nilikuwa nimesimama barabarani utoto wangu wote. Baba alichoma mkaa, alikuwa akikaa porini wiki nzima, wiki mbili, na nyumba yetu ilikuwa ya wanawake: bibi, mama na mimi. Akija mgeni, au ikiwa sikukuu, mama ananipa kuku na kisu, "Kasimame barabarani." Nasimama chini ya mkorosho, kuku anahangaika, ananinyea gauni. Anapita mwenye baiskeli na magunia ya mkaa, namwamkia, "Shikamoo, mama anaomba umchinjie." Wengine walishuka kwa furaha. Wengine walisema wana haraka. Wengine walichinja vibaya, wakakata shingo ikaning'inia, mama akanung'unika siku nzima.

Na ipo siku moja ambayo nilikuwa nikiisimulia kwa hasira mpaka wanangu wakaichoka. Siku hiyo mama mwenyewe alikuja kusimama, akanichukua na mimi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alifariki akiwa mdogo, aliachwa ndani na bibi kwa sababu alikuwa na homa, nami nikaona amependelewa. Tulisimama tangu alasiri. Sijui wanaume walikuwa wapi, labda mnadani, labda mazikoni. Miguu iliniuma, nzi walinisumbua, nilivuta kanga ya mama, nikalia, akanizaba kibao. Hakupita mtu. Jua likazama tukarudi na kuku mzima, anapepesa macho. Ndiyo siku niliyoapa, kwa akili zangu za miaka minane, kwamba mimi nikikua sitasimama barabarani na kuku.

Na sasa nimesimama.

Wa kwanza kupita alikuwa bodaboda kijana, amepakia mikungu ya ndizi. Nikampungia. Akasimama.

"Mwanangu, wewe ni Muislamu?"

"Hapana mama'angu, mi Mkatoliki." Akamtazama jogoo. "Ila jogoo mkali huyo. Kama vipi nikushikie miguu."

"Wa kushika miguu ninao. Sina wa kuchinja."

"Si uchinje mwenyewe tu, mama? Kisu si unacho?"

Akasema hivyo kwa wema kabisa, akaondoka na ndizi zake. Nilimchukia kwa dakika nzima.

Wa pili alikuwa mzee anayeswaga mbuzi, nikafurahi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Wa tatu alikuwa kwenye gari, akafungua kioo akidhani nauza jogoo. Treni ya umeme ikapita kule juu ya tuta, imejaa wanaume, nadhani mia kadhaa, Waislamu tele ndani yake, wote wamekaa kwenye viti wanatazama simu. Kisha hakupita mtu. Jogoo akaanza kufungua mdomo kwa joto. Nikakumbuka kuku wa kwenye matenga.

Nilipofika uani jirani yangu alikuwa anawamwagia maji. Watatu walikuwa wamekwishakufa, vibudu, wamelala shingo upande. Kuku wa nyama akishafika uzito moyo wake ni wa karatasi, joto la mchana likimkuta amebanwa na wenzake anakwenda. Mwezi na nusu wa maranda, chanjo, mkaa na usingizi uliokatika, na sasa ni wa kuchimbiwa shimo kwenye migomba. Nilisaidiana na jirani kuwahamishia waliobaki kivulini. Ndipo mama akaita kutoka ndani, sauti ndogo.

"Mwanangu, supu bado?"

Hakulalamika, aliuliza tu. Lakini nilijua hamu ya mgonjwa haikai. Nilijua nikisubiri Fuso lirudi, mama atasema ameshiba.

Nikamwambia jirani, "Nishikie huyu jogoo."

"Nani anachinja?"

"Mimi."

Jirani akanitazama kama niliyesema navua nguo. Alishika mabawa na miguu, mwanamke mwema, lakini akageuza uso kabisa, akatazama ukuta. "Mimi sijaona kitu," akasema. "Usije ukanitaja."

Nilimwelekeza jogoo kibla. Nikavuta ngozi ya shingo kwa kidole gumba kama ninavyomwona fundi akifanya kila wiki. Nikasema bismillahi, Allahu akbar, nikapitisha kisu. Nilikuwa nimekinoa mwenyewe, kikapita. Damu ikatoka inavyotakiwa kutoka, jogoo akarusha miguu, akatulia. Kuku wa mgahawa sikuwagusa, kwa sababu mteja anajua ni wa fundi na sikutaka kumlisha mtu kitu asichokiridhia. Lakini yule mmoja nilimchinja, na nilipokuwa nikiosha kisu nilijisikia mrefu.

Jogoo wa kienyeji hafanyi haraka. Nilimchemsha na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi, nikachochea moto, nikaongeza maji, nikachochea tena. Adhuhuri ikiwa imekwishapita, niliingia na bakuli linafuka moshi. Mama alikuwa bado ameketi. Alinusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Akapokea kijiko. Kikafika karibu na mdomo.

"Nani kachinja?"

Ningeweza kumwambia fundi. Nilishafikiria hivyo njia nzima kutoka jikoni. Lakini sikutaka kumdanganya mama, na pia, niseme ukweli, nilitaka ajue.

"Nimechinja mimi."

Kijiko kikarudi kwenye bakuli. "Wewe?"

"Mimi, mama. Nimesimama barabarani hakupita mtu."

"Astaghfirullah."

"Hakuna cha astaghfirullah. Ni halali. Nimemuuliza ustadhi. Mwanamke anachinja na inaliwa."

"Maustadhi wa siku hizi."

Hapo ndipo ningenyamaza. Ningesema, kunywa mama, supu inapoa. Lakini mimi na hasira zangu, na kuku watatu vibudu, na kibao cha miaka minane.

"Si mambo ya siku hizi, mama. Ndivyo ilivyo tangu mwanzo. Hata zamani ilikuwa hivyo hivyo. Miaka yote ile ungeweza kuchinja mwenyewe pale uani, bismillahi, kwisha kazi. Ulinisimamisha juani bure."

Mama akauliza, "Miaka yote?"

"Miaka yote." Nilikuwa nafurahia, Mungu anisamehe.

"Hata mwaka wa mdogo wako?"

Sikuelewa. Akaweka bakuli kwenye mapaja, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Unaikumbuka ile siku tuliyorudi na kuku mzima," akasema. "Unapenda kuisimulia. Mdogo wako alikuwa na homa siku ya nne, hajala kitu. Mchana ule akafumbua macho akaniambia, mama, nataka supu. Nikamkamata tetea. Bibi yako akasema ngoja mwanamume. Nikatoka nikasimama. Tuliporudi alikuwa amelala, nikasema nimwache, kesho nitawahi barabarani asubuhi. Kulipokucha hakukuwa na wa kumpikia."

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, taulo la jikoni begani.

"Mama, supu isingemponya. Ilikuwa homa."

"Labda isingemponya," akasema. "Lakini aliniomba. Na kuku alikuwepo, na kisu kilikuwepo."

Akaninyooshea bakuli. Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, na ningependelea kibao. "Chukua, mwanangu. Hamu imekatika."

Nilikaa jikoni nikalia mpaka mafuta yakaganda juu ya supu. Miaka arobaini na nne nimeisimulia siku ile kama kisa cha miguu yangu kuuma. Nilitafuta wa kumkasirikia. Bibi alikuwa amekwishakufa. Baba pia. Wanaume waliokuwa wanapita na baiskeli hawakufanya kosa lolote, wengine waliacha mizigo yao wakatuchinjia. Ustadhi alisema kweli. Nikabaki mimi peke yangu, niliyeichukua hiyo kweli nikampiga nayo mgonjwa.

Fundi alikuja alasiri, kanzu imejaa vumbi la makaburini, anaomba radhi kwa kweli. Aliwachinja kuku kumi na saba waliobaki, mmoja baada ya mwingine, mimi nashika miguu. Akayaona manyoya mekundu kwenye beseni.

"Huyu wa bi mkubwa kachinja nani?"

"Mimi."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa tu, kwa upole, akafuta kisu. "Ah, ungenisubiri."

Nilishika miguu ya kuku aliyefuata.

Jumatano mama hakula. Alhamisi alikunywa chai. Hakunisema, hakuninunia, alikaa tu mlangoni anatazama uani, na mimi nilipita mbele yake na beseni, na ndoo, na maranda, nikiogopa kumtazama. Ijumaa asubuhi, nikiwa natia maji bandani, nikasikia fimbo yake nyuma yangu.

"Niletee kuku mmoja."

"Wa kienyeji mama? Nitamtuma mtu sokoni."

"Hawa hawa wako. Huyo asiyejua kuparua. Na kisu."

Nilimletea. Nilimwekea kigoda, akaketi, akaomba maji, akatia udhu taratibu ingawa hakuna aliyemwambia atie. Aliuliza kibla kiko wapi, mwanamke anayesali mara tano kwa siku katika nyumba ile. Nikamwonyesha. Nilipiga magoti nikashika mabawa na miguu, na kuku wala hakuhangaika. Mama alishika kisu. Mkono wake ulikuwa mwembamba, mishipa imetoka, unatetemeka, nikataka kumsaidia, akaniangalia nikaacha.

Alisema bismillahi kwa sauti kubwa kuliko sauti yoyote niliyomsikia nayo tangu aje. Akavuta kisu mara moja.

Damu ikaingia kwenye maranda. Kuku akatulia mikononi mwangu. Mama alimtazama, kisha akakitazama kisu, kisha akautazama mkono wake, akaugeuza juu na chini.

"Hivi tu?" akaniuliza.

"Hivi tu, mama."

Akarudia tena, si kwangu, "Hivi tu," na akaendelea kukaa pale kwenye kigoda, kisu magotini, mpaka maji yakachemka.